Gambuti, Jiwe au Sindano? Hesabu ya Sumu ya Nyoka kwa Kaya ya Rugera

Kaya ya Rugera, wilayani Karagwe, inayolima migomba, kahawa na maharage haikosi mahali pa kupeleka pesa yake inapoogopa nyoka. Sokoni Omurushaka kuna gambuti na tochi. Kwa mganga kuna mizizi na chale. Kwa jirani kuna jiwe jeusi linalosemekana kunyonya sumu. Hospitalini, siku ikiwepo, kuna sindano ya nyoka. Kila mwamba ngoma huivutia kwake, na mwenye kuumia ni mnunuzi asiyejua kipi kinafanya kazi gani.

Makala hii inavilinganisha vitu hivyo kwa mambo matatu: bei, ushahidi wa kwamba vinasaidia, na muda unaookolewa au kupotezwa. Lakini haiwezekani kuvilinganisha kwa haki bila kujua kwanza sumu yenyewe ilitokana na nini. Ughali wa sindano na sifa za uongo za jiwe jeusi vina chanzo kimoja, nacho ni namna sumu ilivyojengeka ndani ya wanyama kwa mamilioni ya miaka.

Nyoka naye hubana matumizi

Sumu haikuanza ikiwa sumu. Ilianza kama protini za kawaida za mwili: vimeng'enya vya kusaga chakula, protini za kugandisha damu, kemikali ambazo neva hutumia kupashana habari. Mara mojamoja, jeni ya protini kama hiyo hunakiliwa mara mbili kwa bahati tu wakati wa kurithishwa. Nakala moja inaendelea na kazi yake ya zamani. Nyingine haina mzigo, hivyo iko huru kubadilika. Ikitokea nakala hiyo ikafanya kazi kwenye tezi za mdomoni, na mate ya mnyama huyo yakamlegeza panya mapema kidogo, mwenye mate hayo hushiba kuliko wenzake na huacha watoto wengi zaidi. Kizazi baada ya kizazi, mate yanakuwa makali. Fosfolipasi A2, mojawapo ya vimeng'enya vikuu katika sumu za nyoka, ina ndugu zake ndani ya kongosho la binadamu, ambako kazi yao ni kusaga mafuta ya chakula.

Njia hiyo imepitiwa na wanyama wengi, kila mmoja kivyake. Watafiti wanahesabu kwamba sumu ya kudungwa au kung'atwa imejitokeza upya zaidi ya mara 100 katika ulimwengu wa wanyama: kwa nyoka, buibui, nge, tandu, nyuki, konokono wa baharini, samaki, hata kwa wanyama wachache wanaonyonyesha. Hakuna babu mmoja wa sumu zote. Hata ndani ya jamii ya nyoka na mijusi ubishi haujaisha. Mwaka 2006 Bryan Fry na wenzake walidai kwamba nyoka na baadhi ya mijusi walirithi mwanzo mmoja wa sumu. Mwaka 2014 watafiti wengine walichunguza upya jeni hizo, wakasema nyingi zinafanya kazi pia katika viungo vya kawaida vya mwili, kwa hiyo ushahidi hautoshi.

Jambo lisilobishaniwa ni kwamba sumu humgharimu mwenyewe. Mwaka 2006 Marshall McCue alipima nyoka wa jamii ya kifutu wa Amerika Kaskazini baada ya kuwakamua sumu. Katika saa 72 za kwanza, wakati tezi zikijaza upya, miili yao ilitumia nguvu zaidi kwa takribani asilimia 11. Kwa mnyama anayeweza kukaa wiki kadhaa bila kula, hiyo si gharama ndogo.

Asiyehitaji kulipa gharama hiyo huiacha. Kuna nyoka wa baharini huko Asia na Australia, *Aipysurus eydouxii*, aliyehamia kwenye mlo wa mayai ya samaki. Mayai hayakimbii, na sumu yake ikadhoofika kiasi kwamba jeni yake kuu imeharibika. Afrika Mashariki tuna mla mayai wetu, jamii ya *Dasypeltis*. Meno hana, labda vijipande vichache tu. Humeza yai zima, hulipasua kwa vichomozo vya mifupa ya uti wa mgongo, kisha hutema ganda. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake hadi yakatoa mlio mkali kama wa nyoka mwenye sumu, na wengi huuawa kwa sababu ya mchezo huo. Akiingia kwenye banda la kuku, hasara yake kwako ni mayai tu.

Tabia ya kubana matumizi inafika hadi kwenye mguu wa mkulima. Mtu hawezi kuwa chakula cha kifutu, kwa hiyo sumu aliyomwagiwa mtu imepotea bure. Nyoka wenye sumu huuma mara nyingi bila kumwaga sumu, au wakamwaga kidogo, na wengi wa wanaouma hawana sumu kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, lakini wanaopata sumu mwilini ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Maana yake, nusu hadi theluthi mbili ya wanaoumwa wangepona hata wangepakwa majivu. Ishike hesabu hiyo, maana ndiyo inayowapa umaarufu wauza dawa wengi.

Sumu nyingi, ndiyo maana hakuna dawa moja

Kwa kuwa kila ukoo wa nyoka ulitengeneza sumu kwa mawindo yake na kwa njia yake, wanaomdhuru mkulima wa Karagwe na Kyerwa hawamdhuru kwa namna moja.

Kifutu ni mnene, mzito, mwenye meno marefu yanayokunjwa kama wembe wa kukunja na kufunguka anapouma. Kazi yake ni kuvizia. Hulala kwenye matandazo ya nyasi shambani akisubiri panya, na rangi yake hufanana na majani makavu ya mgomba. Sumu yake huvunja nyama na mishipa midogo ya damu: mguu huvimba hadi juu ya goti, malengelenge hutokea, maumivu huwa makali, na nyama huweza kuoza mpaka kiungo kikakatwa. Mara nyingi huua polepole, kwa siku badala ya saa, na kwa hiyo wengi hudhani wana muda wa kutosha kwenda kwa mganga kwanza.

Swila mwenye shingo nyeusi hutema. Kutema kumejitokeza mara tatu tofauti: kwa swila wa Afrika, kwa wa Asia, na kwa jamaa yao wa kusini mwa Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la *Science* ulionyesha kwamba koo zote tatu ziliongeza fosfolipasi A2 kwenye sumu ili ikiingia machoni iume zaidi. Hiyo ni silaha ya kujikinga, si ya kuwinda. Akiuma, huozesha nyama. Swila wa msituni, anayependa maeneo yenye unyevu kuzunguka Ziwa Victoria, hushambulia neva: kope huanguka, ulimi huwa mzito, mwisho pumzi hukatika.

Nyoka wa mitini, *Dispholidus typus*, ana meno ya sumu nyuma ya mdomo na sumu inayomaliza uwezo wa damu kuganda. Huyu hudanganya kwa upole wake. Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka mjini Chicago, aliumwa na nyoka mdogo wa aina hiyo. Alijiona hana shida kubwa, akaandika dalili zake moja baada ya nyingine, na alifariki siku iliyofuata kwa kutokwa damu ndani ya mwili.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu kimoja kinachotibu kifutu, swila na nyoka wa mitini kwa pamoja, anadai kitu kinachosaga nyama, kinachozima neva na kinachozuia damu kuganda vina dawa moja. Hata viwanda vya seramu, yaani sindano ya nyoka, havijathubutu kudai hivyo.

Usilipe kwa buibui, wala kwa kinyonga

Karibu buibui wote duniani, jamii zaidi ya 50,000 zinazojulikana, wana sumu, lakini waliitengeneza kwa ajili ya wadudu. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hulenga neva za mdudu, ambazo hazifanani vya kutosha na zetu. Buibui wakubwa wenye manyoya wa kwenye mashimo hutisha kwa sura, na kidonda chao huuma kisha kupoa. Kinyonga hana sumu hata kidogo. Pesa yoyote inayolipwa kwa dawa ya viumbe hawa imetupwa.

Nyuki ni habari nyingine. Mwiba wao ulitokana na kiungo cha kutagia mayai, ndiyo maana madume hawana mwiba. Sumu yao ni ya kujilinda, imeundwa ili iume mara moja. Hakuna seramu ya nyuki ya kununua. Dawa ya kwanza haina bei: ondoa mwiba upesi, kwa kucha au kwa kisu, kwa kuwa kifuko kilichobaki kwenye ngozi huendelea kusukuma sumu. Aliyevimba uso, anayekohoa au kuishiwa pumzi, na aliyeumwa na kundi zima, apelekwe hospitali papo hapo. Nge naye, maumivu yake humalizwa mara nyingi na dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu, ila mtoto mdogo apelekwe kituoni akaangaliwe.

Kinga: shilingi zinazofanya kazi nyingi

*Gambuti.* Jozi ya kawaida ya mabuti ya mpira madukani huwa kati ya shilingi 15,000 na 30,000, kutegemea unene na urefu. Watu wengi huumwa kwenye nyayo, kifundo cha mguu na muundi, na hapo ndipo buti linapofunika. Halizuii kila jino, ila likiwa pana kidogo jino huishia kwenye mpira na nafasi ya hewa badala ya kufika kwenye nyama. Ukichagua, chukua linalofika chini ya goti na linaloweza kuvaliwa na soksi. Buti linalobana litaachwa nyumbani, na ndala zitarudi shambani. Kosa la kaya nyingi ni kununua jozi moja kwa ajili ya baba, wakati wanaoinama kung'oa maharage kwa mikono ni mama na watoto. Kabla ya kuvaa asubuhi, lipindue na kulikung'uta.

*Tochi.* Kati ya shilingi 5,000 na 15,000 unapata ya kuchaji au ya sola. Hiki ndicho kifaa chenye faida kubwa kwa bei ndogo, kwa sababu kifutu hutembea usiku na hakimbii anaposikia hatua. Hutegemea kutoonekana. Msimu wa senene, watu wakitoka gizani na alfajiri kupapasa nyasi, tochi moja kwa kila mtu ni lazima. Tochi moja kwa kundi la watoto wanne haitoshi. Mwanga wa simu husaidia njiani, ila haufai kwa kutafuta senene, maana mkono mmoja unabaki na simu na mwingine unaingia nyasini bila kuonekana.

*Chandarua.* Wajawazito na watoto hukipata bure kliniki, na wengine hununua dukani. Watu hukihesabu kuwa ni cha malaria peke yake. Utafiti wa kusini mashariki mwa Nepal uliochapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba waliolala ndani ya chandarua walipungukiwa na hatari ya kuumwa na nyoka usiku. Swila watemao huingia nyumbani kufuata panya na kuuma watu waliolala chini. Chandarua kilichopachikwa vizuri chini ya godoro ni kinga mbili kwa bei ya moja, au kwa bei ya bure.

*Usafi na paka.* Gharama yake ni jasho. Vuta matandazo ya migomba mita chache kutoka kwenye kuta za nyumba, usirundike kuni na matofali kando ya mlango, funga mahindi na maharage kwenye vyombo panya wasivyoweza kupenya. Panya ndiye anayemwita nyoka. Paka anayewinda panya ana thamani kuliko dawa nyingi za dukani.

*Mbwa.* Wengi humfuga wakiamini atamnusa nyoka. Watafiti wa Afrika Kusini waliwafundisha mbwa na nguchiro kutambua harufu za nyoka mbalimbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliwatambua nyoka wengine, ila kifutu hai aliyetulia aliwapita. Kifutu amejificha hata kwenye pua. Mbwa wako ana kazi zake nyingine, ila hii usimlipie.

*Vifukuza nyoka.* Mafuta ya taa, vitunguu saumu, moshi wa matairi, unga wa kunyunyizia kuzunguka nyumba: hivi huuzwa na kupendekezwa kila mahali, na hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba vinamzuia nyoka kuingia. Moshi wa tairi unaharibu mapafu ya waliomo ndani kabla ya kumfikia nyoka. Pesa hiyo iende kwenye tochi ya pili.

Ukishaumwa: jiwe, kamba au bodaboda

*Jiwe jeusi.* Ni mfupa uliochomwa hadi ukawa mweusi na wenye vitundu vidogo. Wamisionari wa Kikatoliki walilieneza sana katika nchi za maziwa makuu, na hadi leo hupatikana. Likiwekwa kwenye kidonda hushika, kwa sababu vitundu vyake hunyonya majimaji ya juu ya ngozi. Hapo ndipo mgonjwa anaposadiki. Lakini meno ya kifutu hupitisha sumu ndani ya nyama, na mfupa uliolala juu ya ngozi haufiki huko. Mwaka 2007 Jean-Philippe Chippaux na wenzake walilijaribu kwa panya wa maabara waliodungwa sumu: halikuwaokoa. Sifa zake zinatoka kwa ile nusu au zaidi ya wagonjwa ambao hawakupata sumu. Kila mmoja wao hutoka akiwa shahidi, na waliokufa hawatoi ushuhuda. Bei yake halisi ni zile saa mbili au tatu unazokaa ukilisubiri lidondoke.

*Kamba, wembe na chale.* Ni za bei nafuu, na ndizo hasara kubwa. Kamba iliyokazwa juu ya jeraha la kifutu huifungia sumu inayooza nyama mahali pamoja, na kiungo hufa. Wembe hufungua njia ya vidudu, na kwa nyoka wa mitini hufungua damu isiyotaka kusimama. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu iliyokwisha kuingia. Kumlaza mgonjwa, kumvua pete na viatu, na kumfunga kiungo kwenye ubao ili kisitikisike hakugharimu chochote na kunamsaidia zaidi. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi, akitazama upande, mara moja.

*Bodaboda.* Hapa ndipo pesa ya dharura inapoleta faida kubwa kuliko popote. Katika eneo la Damak, Nepal, wanavijiji walijitolea pikipiki zao kuwawahisha walioumwa hospitali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo kati ya walioumwa na nyoka wenye sumu vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5.  Jambo kuu lilikuwa muda. Mgonjwa akae katikati, kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, kwa sababu akizimia peke yake nyuma ataanguka. Mshikaki unakatazwa barabarani, lakini dereva akikuta askari aeleze anachobeba.

Kundi la kuweka na kukopa la kaya 20, kila kaya ikitoa shilingi 2,000, linapata 40,000 zinazokaa kwa mtunza hazina kwa ajili ya nauli tu. Pesa hiyo itasaidia pia mama anayejifungua na mtoto aliyepatwa na degedege kwa malaria.

Sindano ya nyoka: kwa nini ni ghali, na uulize nini

Mmoja wa waanzilishi wa seramu ya nyoka ni Albert Calmette, Mfaransa aliyeanza kazi hiyo Saigon miaka ya 1890. Njia yake haijabadilika sana. Farasi hudungwa sumu kidogokidogo kwa miezi, mwili wake hutengeneza kinga, damu yake hutolewa, na kinga hiyo husafishwa. Kila sumu inahitaji kinga yake, na kila kinga inahitaji nyoka wake, wakamuaji wake na farasi wake.

Linganisha na captopril, vidonge vya shinikizo la damu vinavyopatikana maduka mengi ya dawa. Nayo ilizaliwa kutokana na sumu ya nyoka wa Amerika Kusini, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Lakini captopril ni molekuli ndogo inayotengenezwa kiwandani bila nyoka wala farasi, na wanunuzi wake wapo kila mji duniani. Ndiyo maana imekuwa nafuu, na sindano haijawa. Seramu ina wanunuzi maskini wa vijijini, na soko la namna hiyo huvunjika kirahisi. Sanofi Pasteur ilisitisha kutengeneza Fav-Afrique, seramu iliyotegemewa sana Afrika, mwaka 2014, na shehena ya mwisho iliisha muda wake Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa.

Uchambuzi wa soko la seramu Afrika uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta matibabu kamili yakigharimu kati ya dola 55 na 640 kwa bei ya jumla. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni kati ya shilingi 137,500 na 1,600,000. Ya chini ni mbuzi mmoja. Ya juu haipungui ng'ombe. Mtoto hapunguziwi kichupa hata kimoja, kwa kuwa dozi hupimwa kwa sumu iliyoingia, si kwa uzito wa mgonjwa.

Seramu zenyewe hazifanani. Ile ya Johannesburg inagusa nyoka kumi, wakiwamo kifutu, koboko na swila wa msituni, ila haigusi nyoka wa mitini, na inataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. EchiTAb-Plus, inayotoka Costa Rica, inahusu kifutu, swila mwenye shingo nyeusi na nyoka mmoja wa Afrika Magharibi. Nyingine hukaushwa kuwa unga, jambo linalofaa kituo chenye umeme wa kukatikakatika. India nayo hutengeneza za aina mbili: zilizotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Afrika, na zilizotengenezwa kwa sumu za nyoka wa India. Aina hiyo ya pili si ya kwetu. Ghana ililipa gharama ya kosa hilo: hospitali moja ya vijijini ilipobadilisha seramu ikachukua isiyolingana na nyoka wao, vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1, kama utafiti wa mwaka 2008 ulivyoeleza. Kifutu wa Asia hana historia moja na wa Afrika. Chupa inaweza kuandikwa "ya nyoka" na isiwe ya nyoka wako.

Usijaribu kununua chupa ya kuweka nyumbani. Protini za farasi zinaweza kumfanya mgonjwa apate mzio wa ghafla na kufa kabla ya sumu, hivyo hutolewa penye adrenalini na wataalamu. Kipimo cha kwanza cha hospitali ni rahisi: mililita mbili za damu kwenye tyubu safi ya kioo, iachwe dakika 20 bila kutikiswa. Ikiinamishwa na damu bado ni maji, sumu imeharibu ugandaji. Kipimo hicho hakihitaji mashine.

Hukumu

Ukiwa na shilingi 10,000 tu, nunua tochi na uombe chandarua kliniki. Ukiwa na 30,000, ongeza gambuti la yule anayeinama zaidi shambani, na hilo mara nyingi ni la mama. Ukiwa na 100,000, wavalishe wote, kisha toa mchango wa nauli kwenye kikundi. Jiwe, mizizi, chale na vifukuza nyoka usivipe hata senti, kwa sababu vinakula muda, na muda ndio dawa ya kwanza.

Sindano si kitu cha kaya kununua. Ni kitu cha kata nzima kudai. Toka Rugera hospitali zipo: Nyakahanga kwa Karagwe, Isingiro kwa Kyerwa, na kwa rufaa ni Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya Kyaka. Kabla ya msimu ujao wa maharage, diwani, mwenyekiti wa kijiji au mtu mmoja wa kikundi apige simu hospitali aulize maswali manne: mna seramu ya nyoka gani, vichupa vingapi, jokofu linafanya kazi, na mgonjwa atalipa kiasi gani? Majibu yabandikwe kwenye zahanati na kijiwe cha bodaboda. Anayeumwa saa tatu usiku hana muda wa kuanza kuuliza.